Shujaa Wangu na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi 1986

Dedan amehamishwa Voi! Chumba chake cha mbele ki wazi. Madirisha mawili, upepo wa mto Kilifi unaingia bila hodi. Mimi nimekaa mwaka mzima chumba cha nyuma, ubavuni mwa zizi la mbuzi wa jirani, chini ya bati linalonikaanga kama samaki. Chumba cha mbele ni changu. Ni haki yangu!

Mwikali, fundi cherehani wa chumba cha kati, naye anakitaka. Ati gizani hapati kutunga uzi kwenye sindano. Tumebishana tangu asubuhi hadi mwenye nyumba, Bi Kabibi, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema tumemchosha. Tuamue kwa ule mchezo wa dadu tunaoucheza barazani kila siku. Ambaye shujaa wake ataingia kwanza kwenye Ngome, mwisho wa ramani, atwae chumba, naye Bi Kabibi ndiye mwamuzi.

Nilicheka moyoni hadi mbavu zikauma. Mchezo ule nimeutunga mimi Laban! Ramani nimeichora mimi kwenye boksi la sabuni. Majini na mazimwi yote nimeyazaa mimi. Maskini Mwikali.

Jumanne, 4 Machi

Leo tumeumba mashujaa. Kila mtu ana alama kumi za kumgawia shujaa wake: Nguvu, Mbio, na kadhalika. Wangu anaitwa Radi. Nguvu sita, Mbio nne. Mwanamume kamili.

Bi Kabibi akaingiza lake. Akataka kuwe na ustadi wa Adabu. Akasema mlinzi wa mlango wa Ngome atakuwa bibi kizee, na asiyefikisha Adabu tano haingii, maana huko si zizini. Adabu vitani! Lakini ni mtu mzima, nikaitikia sawa mama. Nikampa Radi Adabu sifuri. Kwa nini nipoteze alama? Shujaa hupata nyingine akishinda vita, basi hiyo adabu ataiokota njiani.

Mwikali amempa wake Adabu mbili. Shujaa mwenyewe ni mwanamke, jina lake Sindano. Nimejikaza nisicheke.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya jambo la akili sana. Mtungaji ndiye hugawa njia. Mwikali nimempa Njia ya Milimani, ngumu kupindukia, zimwi kila kona. Mimi nimejipa Njia ya Pwani. Huko adui ni kenge na kicheche, na mara moja moja jogoo mkali.

Mwikali akauliza mbona yeye ndiye wa milimani. Nikamwambia ni heshima, wageni hupewa kilicho bora. Akarusha dadu.

Radi amechinja kenge wanne bila kutoka jasho. Sindano alikutana na zimwi zamu ya kwanza, akabakiwa na pumzi moja, kisha Mwikali akapata sita. Zimwi chali! Bahati tu hiyo. Kesho simwoni akimaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Lo! Nimejisahau. Sheria yangu mwenyewe inasema adui mgumu humfundisha shujaa na adui dhaifu hamfundishi kitu. Sindano ameua mazimwi mawili na kupata alama tatu kwa kila moja. Radi ameangamiza ukoo mzima wa kenge na hajapata hata nusu alama. Yu vile vile nilivyomuumba.

Nikapendekeza sheria irekebishwe kidogo, kwa maslahi ya wote. Bi Kabibi akasema sheria haigeuzwi mchezo ukiwa katikati, na kama nina joto kichwani nikaoge.

Basi nikamtupia Mwikali jini mwekundu, yule ambaye hajawahi kushindwa na mtu. Jini ameshindwa! Sindano amepata alama nne nyingine, na hadi sasa zote amezitia kwenye Nguvu na Adabu. Nani humfundisha huyu mwanamke?

Kisha Mwikali akafanya ajabu. Akasema kama njia ya milimani inanikera, yuko tayari tubadilishane. Nikakataa mara moja. Nitoke kwenye kenge niende kwenye mazimwi? Sijarukwa na akili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepaka dadu nta ya mshumaa upande mmoja ili sita itokee juu. Nimeiacha mezani chumbani nikaenda kazini dukani. Kurudi, joto limeiyeyusha nta yote, imeganda juu ya kitabu changu cha nyimbo, na sisimizi wamekuja kuangalia. Hiki chumba ni adui yangu. Lazima nihame!

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika mlangoni pa Ngome kwanza! Mbio nne si mchezo. Nyumba nzima ilikuwa barazani, hata Lewa, yule muuza madafu anayelala stoo, ambaye hasemi na mtu. Nikasimama. Nikatangaza kwamba Radi anaingia.

Bi Kabibi akauliza, ameamkia?

Nikasema Radi ana Nguvu sita, atavunja mlango. Akaniuliza, mwanangu Laban, wewe kweli utavunja mlango wa bibi kizee? Watu wakacheka. Lewa alicheka hadi akakaa chini. Nikasema basi Radi atasubiri hapo hapo. Zamu ikapita, nyingine ikapita, shujaa wangu amesimama juani, wala hakuna hata kenge wa kupigana naye.

Sindano akateremka kutoka milimani taratibu, na makovu yake. Akatoa shikamoo. Akakaribishwa. Na maji ya kunywa akapewa!

Niliumia, sikatai. Nilimbebea Mwikali cherehani yake hadi chumba cha mbele, na upepo wa mle ndani nusura unitoe machozi. Mwikali akanipikia chai. Nzuri, lakini sikumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa Bi Kabibi ameniita. Akasema chumba cha kati sasa ki tupu, kiko mbali na mbuzi, nihamie leo leo, na ameshakifagia.

Nihamie hivi hivi? Kama mtu wa kuhurumiwa? Mimi mtungaji! Nikamwambia asante mama, lakini Laban hapokei chumba, Laban hushinda chumba. Nikadai Lewa naye ashindanie. Lewa akasema yeye hakuomba chumba, stoo inamtosha. Nikamshikilia hadi akakubali.

Bi Kabibi ameinua mikono juu na kurudi jikoni.

Tunaanza kesho. Safari hii nimejipanga vizuri. Radi nimempa Nguvu kumi nzima, habari za Mbio zimeniponza. Lewa nimempa milima yote, na majini wekundu watatu badala ya mmoja. Hajui hata zimwi ni kitu gani, ameniuliza kama linang'ata! Nimeanza kumwonea huruma. Nguo zangu nimeshazifunga.