Waziri wa Mkarafuu wa Mwisho

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimeanza riwaya! Unguja ya mwaka 2094, nchi imekwisha kabisa. Karafuu zinaletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Halwa inakamuliwa kwenye mrija. Shikamoo zinaitikiwa na mashine mlangoni. Nimecheka peke yangu hadi mama akaja kunishika paji, akidhani nina homa. Lengo ni moja: Nassra. Baba yake, Mzee Ubwa wa shamba la Kizimbani, haozeshi binti kwa mtu asiyejulikana. Ijumaa natuma posa. Hadi hapo nitajulikana mji mzima.

Jumanne, 9 Julai
Nchi iliyooza inataka mwovu. Nimemtia Usi, muuza juisi ya miwa hapo chini, ambaye naye anamtaka Nassra. Jina lake, mwanya wake, kila kitu. Ni Waziri Usi, anayewatoza watalii ili waukumbatie mkarafuu wa mwisho nchini. Jioni nikaisoma barazani. Watu wamemwaga kahawa kwa kucheka! Usi kwisha.

Jumatano, 10 Julai
Usi hajaisha. Kila apitaye anamwita Mheshimiwa. Wanapanga foleni kwenye miwa yake wapate kumpa mkono Waziri. Mwenyewe kanijia, kanikumbatia, kaniuliza kama sura ijayo anaweza kupewa gari. Na mimi? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Kesho namharibu hasa.

Alhamisi, 11 Julai
Nimemfanya Rais. Kauza bustani yote ya Forodhani, futi kwa futi. Baraza zima likapiga makofi! Bi Khamisa, jirani ambaye sijapata kumwona akicheka, alitoa kichwa dirishani akaamrisha Rais asiuawe. Na nani alikuwapo? Mzee Ubwa! Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anamtazama Usi. Akasema kijana anayepata riziki kwa mti mmoja hawezi kumlaza mke na njaa. Nikamweleza kuwa hiyo ni hadithi tu. Akasema hata hadithi haizuki hivi hivi, lazima nimeona kitu kwa yule kijana.

Jumamosi, 13 Julai
Posa ya Usi ilikwenda jana baada ya sala, ikakubaliwa papo hapo. Barua yangu ingali mfukoni mwa ami Abdulla, niliyemtuma aipeleke, naye kakaa barazani akisubiri sura ya nne. Nimelia kidogo. Kisha akaja Rahila, mdogo wake Nassra, na sahani ya visheti. Nassra anashukuru sana: miaka miwili alikuwa akimtaka Usi, baba akikataa. Nikajikuta nacheka. Rahila naye akacheka. Ana vishimo mashavuni! Mbona sikuwahi kuviona? Kasema kuna fundi simu wa Kiembe Samaki, Bakar, anamtaka yeye, ila baba anasita kwa kuwa hamjui.

Nimeshakaa mezani. Sura ya nne: Mfalme Bakar anaingia Unguja. Nitamchafua huyu hadi kisiwa kizima kimjue.