Nilivyomwacha Mume wa Kwenye Video

Jamani, leo nimepatikana. Hapa nilipo uso nimeufunika khanga.

Binamu yangu Lugano ni mwanamuziki (anavyosema yeye). Ana wimbo mpya wa mwanamke anayemwacha mume mwenye michepuko. Akaniomba niigize huyo mke. Nikakubali haraka. Nani hataki kuonekana?

Asubuhi tukatoka Tukuyu kwenda kushuti Kyimo, nje ya nyumba moja yenye migomba. Kazi yangu: nitoke na begi nikilia, mama mkwe wa kuigiza aje kunizuia, nimjibu. Machozi yakagoma. Lugano akanipaka kitunguu machoni. Mama yangu wee! Sikuona hata begi nililobeba.

Nikatoka nikilia (kilio cha kweli hicho). Mara nasikia: "Gwe mwanangu, unakwenda wapi na begi?"

Nikajua mwigizaji wetu kafika. Nikapaza sauti: "Mama, mwanao ni malaya! Simtaki tena!"

Kitu kikaanguka, puu! Nikajisemea, huyu mama anajua kuigiza.

Akanishika mikono. "Nenda, mwanangu. Baba yake naye alinitesa hivyo hivyo. Mimi sikuwa na pa kwenda. Wewe nenda. Watoto nitakulelea."

Maneno hayo hatukupangiana. Nikajifuta macho kwa nguvu.

Mama mkwe wangu. Wa kweli! Yule wa kuigiza hata hajafika. Mama yake Ambakisye, mume wangu, ambaye sijawahi kumshika na kosa lolote. Anaishi hapo hapo Kyimo, na mimi kwa kiherehere cha video hata kumpitia kumsalimu sikumpitia. Alikuwa anatoka shamba. Mkungu wake wa ndizi uko chini.

Lugano akachomoka migombani na kamera: "Mama, umeua!"

Nikapiga magoti, nikaeleza yote. Waliokuwepo walivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Akajitwisha mkungu wake, akakataa kusaidiwa, akaondoka taratibu. Jambo alilolifunika miaka yote, mimi nimelifunua barabarani.

Nikamwambia Lugano afute.

"Dada, ndiyo sehemu pekee uliyoigiza vizuri!"

"Futa!"

Nikamganda mpaka akafuta, huku naangalia kwa macho yangu mekundu.

Kesho asubuhi naenda kwa mama kuomba radhi. Anayetaka kucheka, tafadhali, asubiri nirudi.