Ombi la Kuchoma Tanuru Moja la Nyumba ya Mama

Wendelini Luambano,
Kijiji cha Mpitimbi,
Songea.
9 Novemba 1999

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Kuyeyusha Chuma ya Halvorsby,
Idara ya Kupunguza Moshi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tumsifu Yesu Kristo. Kama wewe si wa dhehebu letu, basi pokea pole na kazi, inatosha. U mzima? Mama watoto na watoto hawajambo? Na hilo joto la Dar es Salaam mnaliwezaje? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mama yangu mzazi, Bibi Kasiana, ambaye goti linamsumbua na nyumba inamsumbua zaidi. Habari ya hiyo nyumba ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe.

Kwanza ujue kwamba siipingi kampuni. Bwana Osmund, afisa wenu, alipokuja mwezi wa Mei mwaka jana kutufanyia semina pale shuleni, mimi nilikaa benchi la mbele. Alieleza vizuri sana. Alisema kampuni yenu huko ng'ambo ina tanuru la kuyeyushia chuma ambalo halijazimwa tangu enzi za babu yake mwenye kampuni. Alisema moshi wake na wa makampuni mengine makubwa umeifunika dunia kama blanketi, ndiyo maana joto linazidi na mvua zinapotea njia. Sasa makampuni hayo yameona aibu, yamekaa kikao, yameamua kupunguza. Nilipiga makofi mpaka Mzee Daimu, mwenyekiti wetu wa kijiji, akanigusa bega. Lakini mtu akitubu, ndugu yangu, si lazima ashangiliwe?

Kisha akatuonyesha chati ya namna mnavyopunguza. Kwanza, mnapima. Pili, mmebadilisha balbu za ofisini. Tatu, mnaandika karatasi pande zote mbili. Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, mnapunguza moshi wa watu wa Mpitimbi. Mzee Daimu akauliza, na lile tanuru lenyewe je? Bwana Osmund akajibu kuwa tanuru limo kwenye mpango, ila litakuja mwishoni kwa sababu ni gumu. Tukamwelewa. Hata sisi kwenye maungamo huanza na dhambi ndogondogo.

Semina ilichukua saa tatu. Gari lake liliunguruma nje saa zote tatu ili maji yake ya kunywa yasipate joto. Tulimvumilia, mgeni ni mgeni.

Basi naomba uyapokee malalamiko yangu kwa moyo mweupe, kama ninavyoyaandika.

1. Kuhusu fomu. Fomu yenu iliuliza: kama kampuni isingekuja, ungechoma matanuru mangapi ya matofali katika miaka kumi? Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuungama, roho safi kama sahani ya harusi. Nikasema moja, la nyumba ya mama. Jirani yangu Fulgence, ambaye nyumba yake ni ya miti na nyasi na hajawahi kufyatua tofali hata la kutegea mlango, alisema arobaini. Bwana Osmund alimwandika huku akitabasamu. Kwa hiyo Fulgence amepunguza matanuru arobaini akiwa amekaa kwenye kiti. Alipewa baiskeli, mabati ishirini na cheti cha kutundika ukutani. Mimi nilipewa fulana yenye picha ya jani. Sasa kila asubuhi anapita kwangu akipiga kengele: “Tanuru Moja! Umeamkaje, Tanuru Moja?” Jina limeshika. Jumapili iliyopita hata katekista aliniita hivyo alipokuwa anagawa zamu za kufagia kanisa, kisha akaomba radhi. Nauliza kwa upole: katika mpango wenu, msema kweli ana fungu gani?

2. Kuhusu mwenye moshi. Nilipotia sahihi kwamba sitachoma kwa miaka saba, nilidhani mnaogopea msitu. Nikamwambia Bwana Osmund asiwe na wasiwasi, kuni ninazo, ni miti ya milingoti niliyoipanda mwenyewe mwaka 1981 na imeshakomaa. Akacheka kwa huruma. “Mzee wangu,” akasema, “suala si kuni. Moshi wako si wako tena. Kampuni imeshauchukua, na kule ng'ambo umeshatumika kufidia moshi wa tanuru letu.” Tanuru langu lilikuwa halijapangwa, halijawashwa, lakini moshi wake umeshavuka bahari na umeshatumika! Mimi mwenyewe sijavuka Makambako.

3. Kuhusu ubani. Mwezi wa Agosti ilikuja fomu nyingine inayouliza kanisa letu linafukiza chetezo mara ngapi kwa mwezi, na kama ubani unaweza kupunguzwa au kubadilishwa na nyimbo. Padre Athanasi, paroko wetu, aliisoma fomu ile akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Sitaandika alichosema. Ni padre.

4. Kuhusu Kwaresima. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana sikuja kulalamika tu, nilijaribu pia kujifunza kwenu. Mimi udhaifu wangu ni ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kila Kwaresima naahidi kuuacha, na kila Kwaresima mianzi hutoa vizuri kuliko miezi mingine, sijui Mungu ananipima nini. Safari hii nikasema nitumie njia ya kampuni. Nilikwenda kwa rafiki yangu Bashiru, Mwislamu safi ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe. Nikamwambia nitampa kuku, na kule kutokunywa kwake kuandikwe kwa jina langu, halafu mimi niendelee kunywa kidogokidogo huku nikijipanga. Bashiru si mtu mjinga. Alifikiri, akashika ndevu, akasema kama si dini yake angekuwa mlevi asiye na mfano kuanzia hapa hadi Madaba, kwa hiyo ulanzi anaouacha ni mwingi mno na kuku mmoja hatoshi. Alitaka wanne na jogoo.

Nikaona nipate kwanza ruhusa ya Kanisa. Padre Athanasi alinisikiliza mpaka mwisho. Akanigusa paji la uso, akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia, hapana Padre, hivi ndivyo makampuni makubwa yanavyofanya. Akaniambia mtu hafungi kwa tumbo la mwenzake, akanipa rozari tatu za kusali. Sasa nimebaki njia panda. Ama Padre hajasoma chati yenu, au ninyi hamjaonana na Padre. Ningeshukuru kama mngekutana, mimi nitatoa chai.

5. Kuhusu mama. Haya ya juu nimeyaandika kwa sababu nimeumia kidogo. Hili ndilo linaloninyima raha. Nyumba ya mama ni ya miti na udongo, imeliwa na mchwa, na ukuta wa upande wa kitanda umeinama ndani. Nimeuegemeza kwa nguzo mbili. Mama ana miaka sabini na minane na hataki kuhamia kwangu, anasema mwanamke hawi mgeni kwa mkwewe akiwa na jiko lake. Kwa hiyo tangu mwezi wa Juni mimi na mke wangu Lidwina tumefyatua matofali elfu kumi na moja. Lidwina amebeba maji kutoka mtoni mpaka utosi ukafanya sugu. Yamekauka, tumeyapanga, tumeyafunika kwa nyasi. Yanangoja moto tu.

Mwezi uliopita Bwana Osmund alikuja kukagua. Alilizunguka lile rundo, akaandika kwenye daftari lake kwamba kaya hii ni ya hatari. Nikamsihi, nikamwonyesha ukuta. Mama mwenyewe alitoka akamwambia, “Mwanangu, mimi moshi nimevuta maisha yangu yote, huo wa matofali niachieni.” Bwana Osmund alimpa mama shikamoo nzuri sana, lakini akasema mkono wake umefungwa. Alitushauri tujenge kwa matofali ya saruji. Lidwina akauliza kama kiwanda cha saruji hakitoi moshi. Akasema kinatoa, lakini hakimo kwenye mradi huu. Basi akatuachia jiko la jua tujaribu kuchomea humo. Tuliweka tofali moja Jumatatu. Ijumaa lilikuwa na joto la kutosha kunyoosha kola ya shati. Kwa hesabu ya Lidwina, nyumba itakamilika mama akiwa na miaka mia mbili na themanini na tisa, kama hakutakuwa na mawingu.

Matofali mabichi hayasubiri, ndugu Meneja. Mvua za kwanza huku huanza mwisho wa Novemba, na nyasi si bati.

6. Kwa hiyo naomba. Nimefikiri sana nisije nikaomba kisichowezekana, nikapata njia mbili.

Njia ya kwanza: Bwana Osmund alitufundisha kwamba anga ni moja, moshi wa huku na wa kule ni ule ule. Naomba basi mzime tanuru lenu siku mbili tu, Jumanne na Jumatano, sisi tuchome letu, halafu Alhamisi muwashe. Hamtaona tofauti. Kama huyo mkubwa wenu ataogopa kuwa chuma kitaganda, mwambie hata mimi naogopa ukuta.

Njia ya pili ni nyepesi zaidi. Nirudishieni fomu yangu niisahihishe. Badala ya tanuru moja, nitaandika kwamba ningechoma arobaini na moja. Kisha nitachoma moja, na nitakuwa nimepunguza arobaini, sawasawa na Fulgence. Mama atapata nyumba, ninyi mtapata moshi mwingi zaidi kuliko mliokuwa nao, na dunia itapoa. Najua ni uongo. Nilimwomba Padre aniungamishe kabla sijauandika ili kuokoa muda, akakataa, kwa hiyo nitauandika na dhambi yake nitaibeba mwenyewe mpaka Jumamosi. Naamini kwa ajili ya mama Mungu hatakuwa mkali. Wala sitadai baiskeli.

Nimemaliza. Nisalimie mama watoto, nisalimie watoto mmoja mmoja, na wafanyakazi wote wa Idara, na dereva wa Bwana Osmund ambaye ni mtu mpole. Wasalimie pia wale wanaokesha kwenye tanuru lenu huko ng'ambo, kazi ya moto tunaijua. Lidwina anasalimu. Mama anasalimu, anasema ukipita huku usile hotelini.

Ndimi ndugu yako katika Kristo, na katika hewa,

Wendelini Luambano

Nyongeza, 13 Novemba. Barua hii ilikaa siku nne ikimngoja Leonce, mwenye duka, aende nayo mjini posta. Jana saa tisa mchana mvua ilishuka, wiki mbili kabla ya zamu yake, na upepo wake ukaondoa nyasi zote kwa mara moja. Mimi na Lidwina tulikimbia na mikeka, na Fulgence, Mungu ambariki, alivua mabati kumi kwenye paa lake akaja nayo. Hayakusaidia. Asubuhi hii matofali elfu kumi na moja ni kichuguu kimoja cha tope. Mama hakulia. Aliomba tu kitanda chake kisogezwe mbali na ukuta.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu, kuanzia la kwanza mpaka la sita, nayafuta. Sina cha kuchoma, na sihitaji ruhusa. Bwana Osmund amepita asubuhi na gari lake, ameliangalia tope, ameandika kwamba kaya ya Wendelini Luambano imetimiza ahadi yake yote, na kwamba moshi huu ambao hautatoka ni mafanikio ya kampuni. Mimi nilidhani ni mvua. Naomba uniambie ni nani kati yenu na mvua aliyeizuia nyumba hii, ili nijue mama nimpeleke kwa nani. Tafadhali nijibu mapema.