Kizibao cha Umeme na Kiti cha Wachukuzi

Asali alikuwa amekwisha kufika katikati ya ngazi, viatu mkononi, sanduku kichwani, akiuhama mtaa kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa na wanawake tisa waliopaka mafuta yake ya kuotesha nywele, na sasa walikuwa wamejifunga vilemba na kushika miiko. Hakutaka kuwasumbua kwa kuaga.

Asali ni jina alilopewa kwa ajili ya mdomo. Mwili wenyewe ulikuwa njiti ya kiberiti iliyovalishwa suti.

Ghorofa ya chini, zahanati ya kunyoosha viungo nayo ilikuwa inahama, ila kwa heshima zaidi. Mlinzi alikuwa akitupa takataka nje, na juu ya rundo vililala vizibao viwili vyeusi vyenye nyaya.

"Hivi nini, kaka?"

"Vya umeme. Mgonjwa anavalishwa, kinaloweshwa kidogo kwa ndani, halafu unazungusha hiki kidude, sifuri mpaka kumi. Misuli ya tumbo na kiuno inajikaza yenyewe. Mimi nilijaribu, nikacheka mpaka nikalia."

"Hata mtu akiwa amekaa tu?"

"Hata akiwa amelala."

Asali akatua sanduku. Mtu anayekimbia hutazama mbele. Tapeli anayekimbia hutazama na pembeni. Alivua saa yake ya dhahabu, ambayo haikuwa ya dhahabu, na kwa kuwa haikutembea haikuwa saa pia, akampa mlinzi kwa mikono miwili. Akaondoka na vizibao vyote viwili na kijitabu cha maelekezo. Kijitabu hakukifungua. Kusoma kulikuwa kunamharibia ubunifu.

Safari ikaishia upande wa pili wa mji, kwenye uwanja wa maghala. Pale palikuwa na chama cha wachukuzi, na chama kilikuwa na sheria moja iliyozipita zote. Kila mwaka, mbele ya wanachama, mwenyekiti anyanyue mfuko wa saruji kutoka chini mpaka begani, asimame wima nao mpaka wahesabu ishirini. Akiweza, kiti ni chake mwaka mwingine. Akishindwa, mwanachama yeyote ajaribu.

Mwenyekiti alikuwa amekalia kiti miaka tisa, na kiti kikamlipa kwa kitambi. Kila alipoinama, kiuno kilipiga kelele. Zilikuwa zimebaki wiki tatu siku ya mfuko ifike. Na aliyekuwa akikimezea mate kile kiti ni shemeji yake Chuma, mdogo wa mkewe, kijana mwenye shingo kama kinu, aliyekwisha kutangaza:

"Siku nikikaa pale, wenye mvi wote nje. Wakalee wajukuu."

Wenye mvi walikuwa kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Hayo yote Asali aliyapata kwa muuza chai kabla kikombe hakijapoa.

"Shikamoo mzee wangu," alimwambia Mwenyekiti. "Nguvu ya kuinua mzigo haikai mkononi. Mkono ni tarishi tu. Mkubwa wa kazi ni kiuno na tumbo."

"Marahaba. Hilo najua. Mkubwa wangu amestaafu."

"Basi mimi namrudisha kazini, wewe umekaa unakunywa chai! Dakika ishirini kwa siku. Umeme unafanya mazoezi, wewe unapokea mwili."

"Na wewe unapokea nini?"

"Naona haya kusema mbele ya mkubwa. Ile pikipiki."

Mwenyekiti akaitazama pikipiki nyekundu iliyoegemea ukuta. "Mfuko ukikaa begani, pikipiki yako."

Nyuma yao aliketi mke wa Mwenyekiti, aliyeitwa Mama Muhuri kwa kuwa yeye ndiye aliyetunza muhuri na daftari la chama. Alikuwa ameokota kijitabu pipani, alikokitupa Asali, na alikuwa akikisoma. Alikisoma mpaka jalada la nyuma.

"Mwanangu," akasema, "uwanjani huingii bila kitambulisho. Weka sahihi hapa. Utaratibu tu."

Asali akaweka sahihi daftarini kwa madaha.

"Na kabla hujamvalisha mume wangu umeme, uvae wewe kwanza. Kila siku. Nikiona."

"Mama, mimi ni mtaalamu..."

"Mpishi naye ni mtaalamu, na anaonja."

Siku ya kwanza Asali alipiga yowe, paka wa ghala wakahama. Mama Muhuri ndiye aliyeshika kidude.

"Chuchumaa. Inuka. Chuchumaa. Sasa kamata huo mfuko."

"Lakini mama, kizibao hiki ni cha kukaa!"

"Umesoma ukurasa gani?"

Asali akakamata mfuko.

Kijitabu kilisema wazi: umeme peke yake ni sawa na kukunja ngumi mfukoni. Anayetaka kiuno chenye nguvu sharti ainame, anyanyuke na ajikaze huku umeme unamfinya. Hilo Mama Muhuri hakumwambia mtu. Zamu ya Mwenyekiti ilipofika, aliketi kitini, kidude kikawekwa mbili, akasinzia huku tumbo likirukaruka kama chura ndani ya kikapu. "Naisikia nguvu inaingia," alikuwa akisema akiamka. Iliyoingia ni usingizi.

Kizibao cha pili Asali alimpelekea Chuma kwa siri. Tapeli akiwa na wateja wawili wanaochukiana, huyo amebarikiwa.

"Shemeji yako ananunua nguvu, kaka. Utakubali?"

"Kinauma?"

"Kwa mwanamume?"

Chuma akamlipa kwa koti lake la ngozi. Tangu siku hiyo hakugusa mzigo. "Msinichoshe," aliwaambia wenzake. "Misuli yangu iko kazini."

Siku yenyewe ikafika. Mwenyekiti alitemea mate viganja, akainama, mfuko ukapanda mpaka magotini, kiuno kikakataa. Akaukalia.

"Pole, baba watoto," mkewe akasema. "Umejitahidi."

Chuma akajitokeza akicheka. Ndani ya shati alikuwa amevaa kizibao kilicholowa chepechepe, na kidude amekizungusha mpaka kumi, awe na uhakika. Akaunyakua mfuko hadi kifuani. Hapo tumbo likakaza, mgongo ukakaza, mikono ikakaza, na Chuma akabaki amejikunja, ameukumbatia mfuko kama mama mkwe aliyerudi safari. Macho tu ndiyo yaliyotembea.

"Dada," alisema kwa meno. "Zima."

"Nizime nini, mdogo wangu?"

"Kidude! Mfukoni mwa suruali! Dada, nakufa!"

Mfuko ukaporomoka, shati likapasuka, nyaya zikachomoka mbele ya wote. Wanachama arobaini wakageuka kumtazama Asali, ambaye mguu mmoja ulikuwa umekwisha kuvuka pikipiki.

"Tapeli huyu! Mvalisheni vyote viwili! Kumi kwa kumi!"

"Jamani!" Asali akalia. "Mashine ni nzima! Walioivaa ndio wavivu!" Ulikuwa ukweli wake wa kwanza mwaka huo, na ulimtoka kwa bahati mbaya. "Tazameni!"

Akaurukia mfuko. Nia yake ilikuwa kuufikisha magotini, kisha ashike moyo na kuanguka kiungwana. Mfuko ukapita magoti. Ukapita kifua. Ukakaa begani, naye akasimama wima kama mlingoti, akishangaa kuliko wote, wakati wazee wenye mvi wakihesabu kwa sauti moja: "...kumi na tisa, ishirini!"

Mama Muhuri akagonga muhuri. "Mwanachama namba arobaini na moja. Kiti ni chake, mwaka mzima."

"Mwanachama gani, mama?"

"Si hii hapa sahihi yako?"

"Na pikipiki?"

"Ni ya kiti. Utaipanda ukifuata mizigo, na utarudi nayo."

"Mimi naondoka leo!"

"Nenda, mwanangu. Geti ni moja, na hawa wote wanaijua sura yako."

Mwenyekiti akamnong'oneza mkewe: "Ulijua?"

"Nilitaka mume mwenye mgongo mzima, si mwenye kiti. Na yule Chuma nimemlea mimi, namjua. Wazee wa watu angewatupa nje."

Mwenyekiti wa zamani hufungua geti asubuhi na kulifunga jioni, na hainami. Chuma aliumwa misuli siku nane, akarudi kubeba saruji. Wenye mvi wamebaki kumi na mmoja. Mmoja alijiondokea mwenyewe kwenda kuishi na binti yake. Vizibao alivichukua fundi redio kwa ajili ya nyaya. Asali alimaliza mwaka wake, akakabidhi kiti, akaondoka kwa miguu. Yuko mji mwingine anauza dawa ya mgongo, na biashara si mbaya. Kiti sasa anakikalia Mama Muhuri. Mfuko, baada ya mazoezi ya kile kijitabu, aliunyanyua mara moja tu, wakahesabu ishirini, akaurudisha chini, na watu wakaendelea na kazi.