Mita ya Maji ya Ustadh Salamuni

Ijumaa, 5 Januari

Mvua. Upepo. Bahari imepanda hadi barabarani na tramu imesimama. Hata hivyo, sote kumi na mmoja tulifika mkahawani. Hao ndio wasomaji! Chama cha Wasomaji wa Meli ya Suhaili hakizuiwi na dhoruba.

Ajenda ni ileile ya miaka mitatu. Toleo la 188 la hadithi hizo za anga litatoka? Na likitoka, nani atashika usukani? Maana la 187 liliishia Kamanda Badran akiingia Lango Jeusi peke yake, meli inaelekea juani, kiti chake kitupu. Basi. Tangu hapo mwandishi wetu, Ustadh Fikri Salamuni, hajatoa hata neno. Ana miaka themanini na mmoja. Namwombea afya kuliko ninavyojiombea mwenyewe.

Nikasimama, nikatoa nadharia yangu: Badran atarudi akiwa mzee wa miaka mia, maana ndani ya Lango muda hukimbia. Hoja safi. Daktari Bahgat, yule wa meno, akasema Badran ni roboti tangu toleo la 60. Ushahidi wake? Katika vitabu vyote hajawahi kuumwa jino. Watu wakapiga makofi. Kwa ajili ya jino!

Madam Inshirah, mwalimu mstaafu wa fizikia, alisema nadharia zetu zote mbili ni mbovu, kisha akaagiza chai nyingine. Mwanamke mkavu.

Uchaguzi wa mwenyekiti ni tarehe 19. Bahgat anaongoza. Nahitaji ushahidi.

Jumamosi, 6 Januari

Wazo! Limenijia nikiwa nimenyoa nusu ya ndevu. Mimi ni nani? Msimamizi wa wasoma mita, ofisi ya maji. Ustadh Salamuni anakaa wapi? Mtaa wa Kleopatra. Mtaa huo uko chini ya nani? Chini yangu!

Nikaenda ofisini siku ya mapumziko. Nikafungua daftari la mtaa. Septemba, uniti sita. Oktoba, kumi na tatu. Desemba, ishirini na moja! Amefiwa na mke, anaishi peke yake. Maji yote hayo yanakwenda wapi? Chai. Kahawa. Mtu hunywa chai kiasi hicho akiwa anafanya nini? Anaandika!

Nikamweleza mke wangu Suheir. Akasema, "Wagdi, mtu akitumia maji mengi anaoga." Nikamjibu kwamba mtu mkubwa kama yule haanzi kuoga akiwa na miaka themanini na mmoja. Akaniangalia, kisha akaniambia nimalizie upande wa pili wa ndevu.

Jumatatu, 8 Januari

Nimetangaza kwenye kundi letu la simu, lenye wasomaji wa kila nchi. Sikutaja mita. Niliandika tu: "Chanzo cha kuaminika, kilicho karibu sana na Ustadh, kinathibitisha kazi inaendelea." Mita iko ukutani kwake. Ukaribu gani unazidi huo?

Moto! Majibu mia nne kabla ya chakula cha mchana. Msomaji mmoja wa Tunis alilia kwa sauti, akaturekodia. Muuza magazeti wa kituo cha tramu cha Mahattat al-Raml amesumbuliwa na watu thelathini wanaotaka kuwekewa nakala. Mwingine keshatangaza kwamba litakuwa na kurasa mia tatu. Sijui alipoipata hiyo, ila nimeikubali.

Kisha Bahgat akaandika: "Wagdi ni mtu wa maji. Choo cha mzee kinavuja." Basi. Mtu asiye na chembe ya ushairi.

Jumanne, 9 Januari

Kundi zima linacheka. Wananiita Kamanda wa Choo.

Kesho naenda mwenyewe. Ukaguzi rasmi. Nitavaa koti la ofisi. Mfukoni nitaweka toleo la 94, nililomsomea marehemu baba hospitalini. Baba alikuwa fundi viatu, hakuamini habari za nyota hata kidogo. Lakini kila nilipotaka kufunga kitabu alinishika mkono. Alikuwa akisema, "Malizia sura, mwanangu, hawa watu wako hatarini." Tuliimaliza Jumatano. Yeye akaondoka Alhamisi.

Halafu wanasema ni vitabu vya watoto.

Jumatano, 10 Januari

Nimemwona! Nimeongea naye! Nimegusa tangi la choo chake!

Kwa mpangilio. Bawabu, Ami Khalaf, akanipandisha hadi ghorofa ya nne. Mlango ukafunguliwa na yeye mwenyewe: joho la sufu, miwani mizito kama vitako vya glasi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Karibu, Ofisi ya Maji. Choo kinavuja tangu Oktoba, leo ndiyo mmenikumbuka?"

Nikakisikia. Shhhhhh. Mfululizo. Kumbe alisema kweli, yule Bahgat!

Nikapiga magoti nikakitengeneza mwenyewe. Mpira ulikuwa umelika, basi. Nilipoinuka, toleo la 94 likachomoza mfukoni. Akaliona. Akaniuliza kama nalo ni kifaa cha ukaguzi. Nikamweleza habari za baba. Yote, mpaka Alhamisi ile. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akaenda kunichemshia chai ya nanaa kwa mikono yake.

Na mezani, je? Karatasi! Herufi kubwa kama mayai, maana macho yanamwishia. Anaandika kweli! Mita ilidanganya lakini ilisema kweli!

Akaniambia mwisho. Mimi! Meli inatumbukia juani. Wote wanakufa, hata Zumurruda, rubani, ambaye nimempenda tangu darasa la nne. Hakuna atakayeshika usukani. Mwisho wa yote. Akaniuliza, "Unaonaje? Niambie ukweli, mwanangu."

Nilijisikia kama nimepigwa na mlango. Miaka arobaini tusafiri nao, kisha tuwachome kama taka? Nilitaka kupiga kelele. Nikasema, "Ustadh, hii ni kazi ya kimalaika."

Akauliza tena: kweli hakuna hata kimoja kinachonikera? Nikamwambia nisingegusa hata mkato. Akatazama dirishani. Akasema ahsante kwa choo.

Aliniapisha nisimwambie mtu. Alionekana mnyonge kidogo. Umri, bila shaka.

Ijumaa, 12 Januari

Sijasema! Mdomo umefungwa. Nilivaa tai nyeusi tu na kupumua kwa huzuni kila jina la Zumurruda lilipotajwa. Watatu wameniuliza kama nimefiwa. Nikasema, "Bado."

Jambo la ajabu: Bahgat naye hakutoa nadharia. Alikaa anatabasamu kama paka aliyetoka jikoni. Nikamuuliza vipi Badran wake wa chuma. Akasema kuna mambo makubwa kuliko chuma, ila watu wa mabomba hawawezi kuyaelewa.

Anajua kitu. Hapana. Hawezi kujua kitu.

Jumatano, 17 Januari

Siku ya saba ya kiapo. Silali vizuri. Nimemwita mkuu wangu wa kazi "Kamanda" mbele ya wageni. Suheir anasema nikiendelea kupumua hivyo mezani atakula kwa dada yake.

Nikisema, nashinda uchaguzi. Nikinyamaza, Bahgat ndiye mwenyekiti. Je, Ustadh angependa chama chake kiongozwe na mtu anayehesabu meno? Kwa heshima ya Ustadh mwenyewe, nadhani kiapo kina nafasi kidogo.

Ijumaa, 19 Januari

Uchaguzi. Maafa. Naandika bado shati lina sahlabu, kile kinywaji kizito cha maziwa.

Bahgat akaanza hotuba akisema hivi karibuni itajulikana nani ni rafiki wa kweli wa Ustadh. Sikuvumilia. Nikaruka juu ya kiti nikasema rafiki huyo ni mimi, nimekunywa chai yake, na mwisho ninao: wanakufa wote!

Msomaji mmoja akaanza kulia. Nilikuwa nakaribia kushinda.

Ndipo Bahgat akapiga meza. "Muongo mkubwa wewe! Mimi ndiye niliyeambiwa!" Kumbe naye alikwenda, siku moja baada yangu, kwa kisingizio cha kumkagua meno bure! Na yeye akaambiwa kwa kiapo kwamba yote yalikuwa ndoto, na Badran anaamka kitandani kwa mama yake, katika mji wa mkoani wa Tanta.

Tanta! Nikacheka hadi nikashika ukuta. Akanishika kola. Nikamshika tai. Sahlabu ya meza nzima ikatumwagikia, ya moto.

Katikati ya vurugu, Madam Inshirah akagonga glasi kwa kijiko. Akatuuliza, kwa sauti ya darasani, Ustadh alipotaka maoni yetu tulijibu nini. Nikasema kwa fahari: kazi ya kimalaika. Bahgat akasema yeye alimwambia ni shairi tupu.

"Na nyie mliipenda?"

Tukatazama sakafu. Bahgat akanong'ona kwamba ya Tanta ilimtia kichefuchefu.

Basi Madam akatueleza. Kwa kuwa tumeshamwaga siri, alisema, na kwa kuwa miisho yote miwili imeshatupwa kwenye pipa. Yeye hakwenda kwa mita wala kwa meno. Mwezi wa kumi na mbili alimwandikia Ustadh barua iliyoorodhesha makosa sitini na mawili ya matoleo yote. Wiki iliyopita, siku moja baada ya Bahgat, Ustadh akampigia simu mwenyewe. Akamsimulia miisho ileile, wa kwanza na wa pili. Madam akamwambia wa kwanza ni woga na wa pili ni uvivu. "Nikamwambia, Ustadh, umechoka, nakuelewa. Lakini usituadhibu sisi kwa uchovu wako."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Akamwambia kwamba kwa miaka mitatu anatafuta mtu mmoja wa kumwambia hivyo. Kila anayepanda ngazi anamletea sukari. Tangu hapo Madam anakwenda kwake asubuhi tatu kila wiki. Mzee anasema, Madam anaandika, na wanagombana kwa kila sentensi.

Mkahawa mzima ukasimama na kushangilia. Hata mimi. Litatoka! Nilimkumbatia mtu, nikakuta ni Bahgat.

Kura: Madam Inshirah tisa. Mimi moja. Bahgat moja.

Ijumaa, 26 Aprili

LIMETOKA! Toleo la 188! Jalada la buluu, majina mawili chini yake: Fikri Salamuni na Inshirah Wahba. Nilisoma nikiwa nimesimama kituoni. Tramu tatu zilinipita. Ya nne sikuiona.

Uzuri gani huu! Zumurruda yu hai! Anakaa kwenye kile kiti kitupu. Hajui la kufanya, na jua linakuja. Anamuuliza baharia mmoja mmoja, nao wanabishana kurasa arobaini, ugomvi mtamu kuliko vita vyote vya matoleo yaliyopita. Kisha ukurasa wa mwisho. Anashika usukani kwa mikono miwili na kusema: "Anayejua kwamba nakosea, aseme sasa." Na meli inageuka.

Nililia hadharani. Baba angenishika mkono. Nilipoinua uso, Bahgat alikuwa benchi la pili na kitabu chake, macho mekundu. Nikampa leso.

Tuseme kweli, hapa pasipo mtu: hotuba ya roboti mmoja wa melini, kurasa kumi na moja, inachosha. Niliruka tatu. Nilimwambia Suheir, akasema haya basi, mwandikie Ustadh umweleze, si ndicho anachotaka?

Masikini Suheir. Haelewi waandishi. Nimelifikiria jambo hili miezi mitatu na kosa langu nimeliona waziwazi. "Kazi ya kimalaika"! Neno dogo, la kila siku. Nilikuwa bahili wa sifa. Ndiyo maana alitazama dirishani! Bahgat naye, kwa mara ya kwanza maishani, anakubaliana nami: "shairi tupu" lilikuwa jepesi mno.

Kwa hiyo tunaandika barua ya pamoja. Tumefika ukurasa wa nne, na bado hatujamaliza kusifu jalada.