Vitasa Viwili vya Pikapu Yangu

Jumatatu, 6 Aprili 2026

Alhamdulillahi! Kifuniko ninacho! Cheusi, kigumu, cha mtumba kutoka Dubai, na kimekaa nyuma ya pikapu yangu utadhani vilizaliwa pamoja. Dosari moja tu. Kina vitasa viwili, kulia na kushoto, na hakikuja na ufunguo hata mmoja. Kwa sasa nimekifunga kwa kamba. Si neno.

Bi Wanu wa Chukwani anamwoza mwanawe Jumamosi. Anatafuta gari ya kupeleka begi la bibi harusi kwao Kwahani. Na mvua hizi za masika, begi la nguo, udi na manukato halipandi gari wazi. Tena ameshikilia: gari ifungwe kwa ufunguo, mtu asije akachungulia njiani. Ana watoto wa kiume watatu, huyu ndiye wa kwanza. Atakayepeleka begi hili atapeleka na mengine mawili! Mpinzani wangu ni mmoja tu, jirani yangu Mahfoudh, mwenye pikapu na turubali la matundu. Turubali! Nimecheka peke yangu njiani, watu wakanitazama.

Jumanne, 7 Aprili

Nimekwenda kwa Machano, fundi wa funguo, Darajani. Kavigeuza vitasa, kasema nimwachie, atavipanga upya ndani ili ufunguo mmoja ufungue vyote viwili. Nivifuate Alhamisi. Nikasema inshallah, nikaondoka navyo. Machano ni shemeji yake Mahfoudh! Atachonga funguo tatu, na huo wa tatu najua utakwenda kwa nani.

Nitavipanga mwenyewe. Nimeangalia video mbili kwenye simu. Mzungu mmoja kamaliza kwa dakika nne, huku anakunywa chai.

Jumatano, 8 Aprili

Ndani ya kitasa mna vibati vidogo, na kila kibati kina springi yake. Mzungu hakusema kwamba springi zinaruka. Moja imeingia kwenye sufuria ya mchuzi wa papa. Saadiya, mke wangu, hakupendezwa. Tumekula polepole, kwa hadhari. Hatukuiona.

Lakini nimeweza! Nimerudisha vibati vitatu, vingine vimepotea, na ufunguo wa pikipiki yangu ya zamani umezunguka laini kabisa. Nimepiga ukelele. Furaha hiyo ilidumu mpaka Saadiya alipokifungua kitasa kwa mpini wa kijiko. Nimemwambia ana mkono mwepesi. Kanijibu kwamba hata paka angekifungua, na kwamba nirudi kwa Machano nikamwombe radhi. Radhi! Mimi!

Alhamisi, 9 Aprili

Nimepata! Vitasa vya kabati, vipya, duka la vifaa pale Darajani. Nimepanua matundu kidogo kwa tupa, vikaingia. Funguo mbili, na kila mmoja unafungua pande zote! Bila fundi! Mwenye duka kasema Ng'ambo nzima, mtaa kwa mtaa, wanavinunua hivihivi. Bila shaka. Watu wa Ng'ambo wanajua kitu kizuri.

Jioni nimekwenda Chukwani. Shikamoo, marahaba, nikafunga, nikafungua, nikafunga tena. Bi Wanu akavuta kifuniko kwa mikono miwili. Hakikutikisika. Kazi ni yangu!

Hapo likanijia wazo la kummaliza kabisa Mahfoudh. Nimempa Bi Wanu funguo zote mbili. Nimemwambia azishike mwenyewe mpaka Kwahani, asije mtu akasema Khatib alichungulia. Kafurahi mno, kaniombea dua. Mahfoudh hawezi kufikiri jambo kama hili maisha yake yote.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo sitaki kuandika, lakini naandika.

Chukwani ilikuwa raha tupu. Wanawake arubaini, wote kanga sare, zambarau na nyeupe. Begi likaingia, Bi Wanu akafunga mwenyewe, akazipiga fundo funguo kwenye pindo la kanga yake. Vigelegele! Mvua ikashuka. Bi Wanu akarowa kabla hajapanda basi, na mdogo wake, Bi Sichana, akamvua kanga ile akamfunika nyingine kavu, sare ileile. Sikutia akilini. Nilikuwa naangalia maji yanavyoteleza juu ya kifuniko changu. Uzuri ulioje!

Kwahani ngoma inalia, udi unafuka mlangoni, bibi yake bibi harusi keshakaa mkekani analisubiri begi. Bi Wanu akashika pindo la kanga. Hamna fundo. Akashika pindo la pili. Hamna. Ikabidi wanawake arubaini wasimame barazani wafungue mapindo yao, maana kanga zote ni moja. Zikatoka pipi za kifua, karafuu, laini ya simu, hereni moja. Funguo, hakuna. Kanga yenyewe imebaki Chukwani, kwenye beseni.

Ngoma ikanyamaza. Nikakivuta kifuniko kwa nguvu zangu zote. Hakikutikisika. Kwa nukta moja niliona fahari. Kisha nikauona uso wa Bi Wanu, nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo akatokea Mahfoudh, mwalikwa wa upande wa bibi harusi. Akatoa mfukoni ufunguo wa kabati la nyumbani kwake, akautia, akazungusha. Kikafunguka! Vigelegele vyote vikamwendea yeye. Akawaeleza watu, bila haraka, kwamba alivinunua vitasa vyake duka lilelile la Darajani, na ufunguo huo unafungua mpaka kabati la mama mkwe wake.

Begi lilikuwa kavu kabisa. Hakuna aliyelitaja hilo.

Jumapili, 12 Aprili

Bi Wanu kapiga simu. Harusi mbili zilizobaki kampa Mahfoudh, na turubali lake la matundu. Kasema, "Khatib mwanangu, wewe moyo wako mzuri, lakini mimi nshachoka." Imeniuma. Nimekaa kitandani mpaka chai ikapoa.

Kisha nikafikiri. Ufunguo mmoja unafungua Ng'ambo nzima! Na watu wanapoteza funguo kila siku! Kwa vitasa hivi, wako ukipotea unapiga hodi kwa jirani, basi, umemaliza. Mbona hakuna aliyeiona biashara hii? Nimekwenda mbio Darajani nikabeba katoni zima, vitasa na funguo zake. Nitamfungia kila mwenye pikapu Unguja hii, na nitaanza na Mahfoudh.

Saadiya kauliza katoni lote hilo nimeliweka wapi lisiibiwe, maana ndani halimo. Nimemwambia alale bila wasiwasi. Liko nje kwenye pikapu, na nimefunga vitasa vyote viwili.