Kadi Zote Dabo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Godbless lazima akome. Ana duka la uchapishaji ng'ambo ya duka letu hapa Mtaa wa Sikukuu, na kiongezo chake cha kupanga kadi za harusi kina sifa kuliko changu. Nimemweleza Shangazi Mauza kwa mara ya kumi kiongezo ni nini: kiprogramu kidogo unachokipachika kwenye programu ya kuandikia ili iweze kazi isiyoijua. Akasema vizuri, basi nipachike na ile rafu iliyolegea. Changu kinasoma orodha ya wageni, kinaandika jina, na chini yake singo au dabo, mtu aje peke yake au na mwenzake. Godbless anajisifu chake hukubali hata programu za miaka kumi iliyopita. Ushamba! Changu nimekiandika upya kwa mambo ya toleo la mwaka huu. Kinang'aa.

Jumanne, 4 Februari

Balaa. Kompyuta ya Shangazi imejichukulia kiongezo changu kipya yenyewe, kisha ikagoma. Programu yake ni ya zamani, na kompyuta haina nguvu ya kubeba mpya. Na wiki hii ndiyo anachapa kadi za harusi ya Ruqaya, binti yake wa pekee! Shangazi ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Ameniuliza kwa upole kama itapona. Nimesema dakika tano.

Godbless akapita. Akasema ndani ya kiongezo kuna mstari mmoja wa kutaja toleo la chini kabisa la programu linalokubalika. Ningeandika ukweli pale, mashine za zamani zingebaki na kiongezo cha zamani, kazi ikaendelea. Nikamjibu nalijua hilo. Sikulijua. Lakini kuandika pale ni kukiri kwamba changu kinazikataa mashine ambazo chake kinazikubali. Siandiki ng'o!

Jumatano, 5 Februari

Dawa nimeipata! Mashine ya zamani ikishindwa kusoma singo au dabo, isilalamike. Iandike dabo, isonge mbele. Kadi mia mbili na arobaini zimetoka kabla ya adhuhuri. Shangazi kaniombea dua. Nimeona aibu kidogo, kisha nimekula biriani yake.

Ijumaa, 7 Februari

Kadi ziligawiwa jana. Leo baada ya sala, Mzee Sadalla, aliyefiwa na mkewe miaka tisa iliyopita, alikuja dukani na kanzu mpya. Akauliza, kwa haya, huyo mwenzake aliyeandikiwa ni nani. Alidhani tumemtafutia mchumba! Nilicheka. Kisha jirani yetu Stella akaja kushukuru kwa kuruhusiwa kuja na dada yake. Kisha simu, mfululizo. Nikafungua kadi zilizobaki. Dabo. Dabo. Dabo. Ukumbi una viti mia tatu. Tumealika watu mia nne na themanini.

Shangazi hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikaa kwenye stuli akasema Jumatano aliiona kadi yangu, dabo, akafurahi akidhani nimepata mtu na naona haya kumwambia. Ndiyo maana hakukagua nyingine.

Jumamosi, 8 Februari

Tumezunguka mlango kwa mlango, mimi na Shangazi. Gerezani, Ilala, mpaka tukavuka Kigamboni. Shikamoo, samahani, njoo peke yako. Wawili wamesema basi hawaji kabisa. Mzee Sadalla aliikunja kadi taratibu, akaniuliza kama kweli hakuna mtu. Nikasema hakuna. Akasema haidhuru. Nilitamani anitukane.

Miguu ya Shangazi imevimba. Godbless amerudisha kiongezo cha zamani kwenye kompyuta yake ndani ya nusu saa na hata hakucheka, jambo lililoniuma kuliko yote. Najuta. Najuta kweli. Nimemwahidi Shangazi kwamba nitaandika ukweli kwenye ule mstari.

Jumapili, 16 Februari

Harusi ilipita jana, alhamdulillahi, viti vilitosha. Mzee Sadalla alikaa karibu nami na ile kanzu yake. Shangazi amenisamehe, amesema mtu hukosea mara moja.

Na asubuhi hii toleo jipya la programu limetoka! Nimekiandika kiongezo upya, kinang'aa maradufu. Kuhusu ule mstari, nimeufikiria sana. Nikiuandika, Godbless atausoma kabla ya chai. Nimeuacha wazi. Lakini nimejifunza: kosa lilikuwa ile dabo. Sasa mashine ya zamani ikishindwa, itaandika singo, kimya kimya. Hakuna ukumbi utakaofurika tena!

Kesho Shangazi anachapa kadi za wazee wanaotimiza miaka hamsini ya ndoa. Wageni mia moja, wote mtu na mkewe. Nimemwambia asijisumbue kukagua.